Kengele ya Raundi ya Sita: mwongozo kamili wa kutunga na kurekodi mchezo wa redio wa upelelezi wa ulingoni

Usiku wa tarehe 22 Juni 1938, katika uwanja wa Yankee Stadium jijini New York, bondia Joe Louis alimmaliza mpinzani wake Max Schmeling kwa sekunde 124. Raundi ya kwanza haikufika mwisho. Waliokuwa wamejikusanya karibu na redio walisikia sauti ya mtangazaji Clem McCarthy, nzito na yenye mikwaruzo, ikikimbizana na makonde mpaka pumzi ikamwishia. Rekodi ipo hadi leo. Kila ninapoisikiliza nafumba macho, na bado naziona kamba zikitikisika.

Ndiyo maana nashikilia kwamba ngumi ni mchezo wa redio kuliko hata mpira. Mpira una watu 22 na uwanja mpana, na mtangazaji anakimbizana nao wote. Ulingo una watu wawili, refa mmoja na kengele. Kila dakika tatu kengele inalia, na dakika moja ya kupumzika ikipita inalia tena, hata aliyefumba macho anajua yuko wapi. Weka maiti moja kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo na tayari una mchezo wa upelelezi.

Michezo ya namna hiyo ilistawi Marekani tangu miaka ya 1930 hadi tarehe 30 Septemba 1962, siku mtandao wa redio wa CBS ulipofunga miwili ya mwisho. Sisi tuliolelewa na michezo ya redio ya Kiswahili tunaijua ladha yake bila kufundishwa: taa ya chemli, betri zilizoanikwa juani mchana, mzee ameinua kidole na nyumba nzima imenyamaza. Mwongozo huu ni wa kutengeneza mchezo mmoja wa nusu saa, kwa Kiswahili, unaotokea New York ya mwaka 1947, ukirekodiwa nyumbani kwa simu. Nitakupitisha hatua kwa hatua kwa mfano mmoja, kuanzia kiini cha kisa mpaka mlio wa mwisho.

Hatua ya 1: Chagua usiku, na uujue vizuri

Usiseme tu "zamani". Chagua mwaka. Mimi nachagua 1947 kwa sababu mwaka huo harufu ya rushwa ilikuwa imejaa kwenye ngumi za New York. Tume ya ngumi ya jimbo ilimnyang'anya leseni bondia Rocky Graziano kwa kutoripoti kwamba aliahidiwa rushwa. Tarehe 14 Novemba, Jake LaMotta aliingia ulingoni na Billy Fox, akasimama kwenye kamba akipokea makonde mpaka refa akasimamisha pambano raundi ya nne. Wacheza kamari walikuwa wameshahamishia fedha zao kwa Fox kabla ya kengele ya kwanza. Mwaka 1960 LaMotta mwenyewe alikiri mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti kwamba aliuza pambano lile, ili naye afunguliwe njia ya kugombea ubingwa. Ubingwa aliupata mwaka 1949, kwa kumshinda Marcel Cerdan.

Watu hawa usiwaingize kwenye mchezo wako. Wao ni udongo, wewe unapanda mbegu yako humo. Ila mahali pawe pa kweli. Ukumbi wa Madison Square Garden wa wakati huo ulikuwa Eighth Avenue, kati ya mitaa ya 49 na 50, na usiku wa pambano kubwa uliingiza watu zaidi ya 18,000. Mitaa michache kutoka hapo, barabara hiyohiyo, palikuwa na Stillman's Gym, ukumbi wa mazoezi mchafu uliojaa mabondia, mameneja na watu wasiokuwa na kazi inayoeleweka. Redioni, Don Dunphy alikuwa akitangaza mapambano tangu pale Louis alipopigana na Billy Conn mwezi Juni 1941, na kati ya raundi Bill Corum alichambua. Sauti mbili, kazi mbili. Na wewe watenge hivyohivyo: mmoja makonde, mwingine mapumziko.

Hatua ya 2: Tafuta kosa linalothibitishwa na sikio

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Wanatunga kisa cha alama ya kidole, cha barua iliyochanwa, cha damu kwenye glavu. Hayo yote ni ya macho. Redioni, mpelelezi akisema "nimeona damu kwenye glavu", msikilizaji amepewa habari tu, hakuipata mwenyewe. Ushahidi wa redio lazima usikike, na usikike kabla mpelelezi hajaueleza, ili msikilizaji mwerevu aweze kumtangulia.

Mfano wangu unaanzia kwenye hesabu moja ndogo niliyoipenda mno. Vituo vikubwa vya redio vya Marekani wakati ule vilitunza matangazo kwenye santuri kubwa za inchi 16, za madini zilizopakwa laka laini, zilizozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Upande mmoja ulibeba kama dakika 15. Sasa zidisha: 33 na theluthi, mara dakika tatu. Unapata mizunguko 100 kamili. Raundi moja ya ngumi ni mizunguko 100 ya santuri.

Kwa hiyo santuri yenye mkwaruzo mmoja uliokata mistari yote itagonga "tik" mara moja kwa kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.8. Hesabu tik kutoka kengele hadi kengele na raundi umeipima. Zikiwa 100, raundi ni halali. Zikiwa 94, sekunde 10.8 zimeibwa.

Na kisa kinajitunga. Mabondia wawili wa uzito wa kati. Kwa sasa nawaita Kijani na Zambarau kwa rangi ya kaptula zao, wewe utawapa majina. Raundi ya sita Zambarau amembana Kijani kwenye kamba, Kijani ameshalegea, bado makonde mawili matatu. Kengele inalia. Kijani anapumzika dakika nzima, anarudi, na raundi ya saba anamwangusha Zambarau kwa nokauti. Nusu saa baadaye mtunza muda, yule anayegonga kengele, anakutwa chini ya ngazi za korido, amekufa. Zambarau alisikika akimfokea, basi polisi wanamkamata. Kocha wake mzee anamwendea mpelelezi.

Aliyeua ni meneja wa Kijani. Alimhonga mtunza muda, kisha akamwogopa. Akakumbuka kwamba pambano limerekodiwa, akaingia stoo ya kituo cha redio, akakurupushwa, akawahi tu kuburuta pete yake ya jiwe juu ya santuri. Mkwaruzo alioufanya ili kuharibu ushahidi ndio unaogonga tik.

Kuna pingamizi ambalo msikilizaji mkali atalileta, na usimkwepe. Je, kama mashine ya kurekodi ilikwenda polepole usiku ule? Au gramafoni ya mpelelezi inakimbia? La gramafoni ni jepesi: mizunguko imeshachorwa kwenye santuri, uicheze haraka au taratibu, idadi haibadiliki. La mashine ya kurekodi lijibu kwa raundi ya tano, iliyo upande uleule wa santuri ileile. Nayo ihesabiwe. Ikitoka 100, mashine haina lawama.

Hatua ya 3: Fukia ushahidi hadharani

Usifiche tik. Itoe mapema, kama kero. Fundi wa redio anamchezea mpelelezi santuri kwa mara ya kwanza:

(SINDANO INAGUSA SANTURI. SAUTI YA MTANGAZAJI KWA MBALI. TIK… TIK… TIK…)

FUNDI: Samahani kwa hilo. Nimemwambia yule kijana mara mia, santuri haibebwi bila mfuko.

MPELELEZI: Inaudhi.

FUNDI: Utaizoea. Ikizunguka mara moja, inakugonga mara moja. Sikiliza pambano lako.

Mstari ule wa mwisho wa fundi umetoa siri yote, na hakuna atakayeushika, kwa sababu umekuja kama kuomba radhi. Hiyo ndiyo namna. Ushahidi uvae nguo za udhuru, za malalamiko, za salamu.

Jambo la pili la haki: mwanzoni mwa mchezo, irushe raundi ya sita nzima, kwa urefu wake wa kweli wa dakika 2 na sekunde 49. Mwenye saa ya mkononi angeweza kukamata wizi dakika ya tano ya mchezo. Wachache mno watafanya hivyo, lakini ni lazima iwezekane. Katika raundi hiyo mtangazaji asitaje muda hata mara moja.

Unahitaji pia njia ya uongo. Muuaji akipita gizani, asikike akipumua kwa mluzi wa pua iliyovunjika. Msikilizaji ataruka: "Huyo ni bondia wa zamani!" Halafu mpeleke mpelelezi Stillman's Gym, ambako nusu ya waliomo wanapumua hivyo. Meneja naye alipigana ujanani, lakini mpaka hapo mluzi hautoshi kumfunga mtu yeyote.

Hatua ya 4: Sauti, si sura

Watu saba wanatosha, na waigizaji watano wanaweza kuwabeba. Kocha mzee aongee polepole, akimwita kila mtu "mwanangu". Meneja awe mpole, mwenye "bwana mkubwa" nyingi, na pete inayogonga glasi anapofikiri. Fundi aongee haraka. Kabla ya kumpa mtu nafasi, mgeuzie mgongo asome mistari miwili. Kama huwezi kumtofautisha na mwenzake, mmoja wao apewe nafasi nyingine. Majina nayo yasifanane mwanzo. Joe na Johnny katika mchezo mmoja wa redio ni mtego, msikilizaji atawachanganya.

Hatua ya 5: Gawa dakika kabla ya kuandika

Nusu saa ya redio hainyumbuki. Mimi nahesabu maneno 110 hadi 120 ya Kiswahili kwa dakika katika mazungumzo ya kawaida, kwa sababu maneno yetu ni marefu. Mtangazaji wa ngumi atakwenda mbio zaidi. Dakika ya kwanza mpe kocha anayebisha mlango wa mpelelezi, sentensi chache, halafu anza kurudi nyuma: raundi ya sita nzima, raundi ya saba kwa ufupi, ukelele koridoni. Umefika dakika ya nane. Fundi na tik waje kabla ya dakika ya kumi na mbili. Kutoka hapo hadi ya ishirini ni Stillman's, mcheza kamari anayelalamika kuwa kuna mtu alishinda fedha nyingi mno, na mpelelezi kutishwa gizani. Dakika nne zifuatazo ni za kuhesabu, na zilizobaki ni za meneja. Wimbo wa kufungua usizidi sekunde 20. Sponsa wa kubuni, tuseme sabuni, aingie mara moja katika mapumziko ya raundi, mahali ambapo kweli tangazo lilikuwa likiingia.

Hatua ya 6: Andika raundi kama mtu anayetazama

Sentensi fupi. Kitendo kwanza, maelezo baadaye kama nafasi ipo. Mtangazaji mbovu anasema "Zambarau anaonekana kuwa na ari kubwa usiku wa leo". Mtangazaji wa kweli yuko hivi:

MTANGAZAJI: Kushoto. Kushoto tena, usoni! Kijani anashika. Refa anawaachanisha. Zambarau anafuata, anafuata… mbavuni! Hiyo imeingia! Kijani yuko kwenye kamba, mikono imeshuka… kulia! Magoti yanakunja! Haanguki, kamba zimemshika…

(KENGELE.)

MTANGAZAJI: Kengele! Kengele imemwokoa!

Andika raundi nzima hivi, isome kwa sauti huku saa inakwenda, punguza, isome tena, mpaka kengele iangukie 2:49. Mimi hupigapiga meza kila konde, nisije nikaandika makonde ambayo mikono miwili haiwezi kuyarusha. Acha pia nafasi za kupumua: bondia hapigi dakika tatu mfululizo, na umati lazima ushuke ili uweze kupanda.

Hatua ya 7: Tengeneza milio kwa mikono

Mafundi wa milio wa Marekani walitumia vifuu vya nazi kwa kwato za farasi, wanga wa mahindi ndani ya mfuko kwa nyayo kwenye theluji, na kabichi kwa kisu kinachoingia mwilini. Nazi na kabichi tunazo. Nyumba yako ina karibu kila kitu.

Konde la usoni: vaa glavu ya ngozi, hata ya bustani, upige kiganja kilicho wazi, karibu sana na simu. Usipige kwa nguvu. Piga kwa ukali na uachie haraka. Konde la mbavuni: taulo lililoloweshwa, likakamuliwa na kukunjwa mara nne juu ya meza, ulipige kwa ngumi, na mwigizaji mwingine atoe pumzi papohapo. Pumzi ndiyo inayouma. Bila pumzi una mtu anayefua nguo.

Kuanguka kwa bondia: laza mlango wa zamani juu ya magodoro mawili, angusha kiroba cha kilo 25 cha mchanga kilalie ubavu, kisha mara moja kiroba kidogo, kwa ajili ya kichwa. Milio miwili. Mtu haanguki mara moja. Kamba zinazolalamika zipate kwenye kitanda cha kamba, mtu akikalia na kuinuka.

Kengele usiichukue kwenye simu. Tafuta ile rimu ya gari inayoning'inia shuleni, uigonge kwa nondo baada ya wanafunzi kuondoka. Rekodi milio thelathini na uchague mmoja. Utumie huohuo mchezo mzima, ili sikio limjue mtunza muda hata baada ya kufa kwake.

Umati ni kazi ngumu zaidi. Usichukue kelele za uwanja wa mpira, kwani Garden ilikuwa na paa na sauti zilirudi. Kusanya watu wanane kwenye darasa tupu au ukumbi wa kanisa. Warekodi mara nne, kila mara wakibadilishana nafasi, mara mbili wakiguna na mara mbili wakipiga kelele, kisha zipandanishe. Waambie wasitamke neno lolote linaloeleweka. "Mpige huyo!" moja tu ya Kiswahili safi kutoka kwenye viti vya juu, na New York imetoweka.

Tik ipate kwa ukucha kwenye jino moja la kitana. Rekodi moja nzuri, kisha uipange kila sekunde 1.8 kwenye programu ya kuhariri sauti; Audacity ni ya bure na inatosha. Usiwaze kuigonga kwa mkono kwa dakika tatu. Mkono utachoka, na hesabu ndiyo mchezo wenyewe.

Onyesho la kuhesabu lifanye kwa njiti za kiberiti. Mpelelezi ana njiti 100. Kila tik anadondosha moja kwenye kopo. Raundi ya tano inamaliza zote, kengele inalia, kopo limejaa. Anazimwaga, anazihesabu upya, anaweka sindano kwenye raundi ya sita. Sauti ya mtangazaji iwe chini, tik na njiti ziwe mbele. Kengele inalia. Kimya. Halafu anatikisa mkono wake, na msikilizaji anasikia njiti zilizobaki zikigongana kiganjani. Usimfanye aseme "sita" upesi. Mwache azidondoshe moja moja kwenye meza.

Hatua ya 8: Rekodi

Maikrofoni maarufu ya studio za Marekani wakati huo, RCA 44, ilisikia mbele na nyuma, lakini pembeni ilikuwa kama kiziwi. Waigizaji walisimama wakitazamana, na aliyetaka kuonekana anaondoka alipiga hatua ya pembeni tu, akapotea. Simu yako haina tabia hiyo, kwa hiyo mwenye kuondoka atembee kweli, arudi nyuma hatua nne huku akigeuza uso. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, usawa wa mdomo. Chumba chenye magodoro na nguo kinafaa kwa ofisi ya mpelelezi. Korido irekodi koridoni. Stillman's irekodi mahali penye sakafu tupu, mtu mmoja akiruka kamba nyuma muda wote.

Waigizaji wasimame. Aliyekaa hasikiki kama mtu anayeogopa. Karatasi zisibanwe kwa pini. Ukurasa uliosomwa uachwe uanguke kwenye zulia. Na kila onyesho lirekodi kwa mkupuo mmoja, mara tatu, badala ya kuunga sentensi. Hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mitandao mikubwa ilikataa kurusha michezo iliyorekodiwa, hivyo waigizaji walicheza moja kwa moja, na mara nyingi walirudia mchezo mzima saa tatu baadaye kwa ajili ya wasikilizaji wa pwani ya magharibi. Ule msisimko wa kutokuwa na nafasi ya pili ndio unaousikia katika michezo yao.

Hatua ya 9: Onyesho la mwisho, na jaribio gizani

Meneja asikamatwe kwa hesabu. Hesabu imethibitisha wizi wa sekunde, haijasema nani. Mkamate kwa mdomo wake, huku pete ikigonga glasi tangu mwanzo wa onyesho:

MPELELEZI: Nilitaka kuisikiliza ile santuri ya pambano, bwana mkubwa. Fundi ananiambia imeharibika.

MENEJA: (PETE: TIK… TIK…) Pole sana. Mkwaruzo ukishavuka mistari yote, hapo huna santuri tena. Una sahani.

MPELELEZI: Sikusema imekwaruzwa.

(PETE INAKOMA. PUMZI YENYE MLUZI WA PUA.)

Pete na mkwaruzo vitumie mlio uleule wa kitana. Usimwambie msikilizaji.

Mchezo ukikamilika, waalike watu watatu ambao hawajausoma. Zima taa. Usikae ukiwatazama nyuso, sikiliza wanavyojigeuza kwenye viti: pale wanapojikuna na kukohoa, pana mazungumzo ya kukata. Fikisha njiti zile sita, kisha simamisha sauti na uwaulize nani ameua na wamejuaje. Wote wakimtaja meneja, pete yako inagonga mno mapema; ipunguze katika onyesho lake la kwanza. Asipojua hata mmoja hata baada ya kusikia mpaka mwisho, rudi kwenye mstari wa fundi, uondoe kelele iliyo chini yake, na umwambie aseme taratibu kidogo: ikizunguka mara moja, inakugonga mara moja.